Kupiga braketi huku ISO otomatiki imewashwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na watu wanaopiga nyumba za wageni, vyumba vya kupangisha na mandhari, wengi wao wako Unguja na Dar. Mengine nilijiuliza mwenyewe zamani nikakosa wa kunijibu. Mwenye haraka asome la 4, la 6 na la 10, mengine atayarudia akikwama.

## Mambo ya mwanzo

1. Kupiga braketi ni kufanya nini hasa?

Ni kupiga picha ileile mara tatu, tano au zaidi, kila fremu ikiwa na mwanga wake: moja ya kati, moja yenye giza, moja iliyoangaza. Hesabu inafanya kamera, kubonyeza unabonyeza wewe. Kwenye Nikon tafuta herufi BKT, kwenye Canon ni AEB, na kwenye Sony imewekwa pale pale unapochagua kupiga picha moja moja au mfululizo.

Kuna wanaofanya hivi kama bima: hawaiamini mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, basi wanachukua tatu na kubaki na moja. Na kuna wanaotaka kuunganisha, yaani dirisha litoke kwenye fremu ya giza na uvungu wa kitanda utoke kwenye fremu ya mwanga. Wazo lenyewe si la kompyuta. Gustave Le Gray, Mfaransa, miaka ya 1850 alikuwa akipiga bahari kwenye negativu moja na mbingu kwenye nyingine, kisha anazichapa pamoja kwenye karatasi moja, kwa sababu negativu moja haikuweza kuzibeba zote mbili.

2. Stopu ni nini, na −2, 0, +2 zina maana gani?

Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua kwa nusu. Shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, kutoka 1/60 ya sekunde kwenda 1/30 ni stopu moja juu. ISO, yaani kiwango ambacho kamera inaikuza picha, 100 kwenda 200, stopu moja. Apacha, yaani tundu la lenzi, f/8 kwenda f/5.6, stopu moja. Kwa hiyo −2 ni robo ya mwanga wa fremu ya kati, na +2 ni mara nne yake.

Gurudumu la kamera nyingi linakwenda kwa theluthi ya stopu. Mibofyo mitatu, stopu moja. Shika hiyo, tutaihitaji kwenye swali la 9.

3. Na ISO otomatiki kazi yake nini?

Kukulinda usitoke na picha iliyotikisika. Unaiwekea mipaka miwili: ISO isipite hapa, tuseme 3200, na shata isishuke chini ya hapa, tuseme 1/60. Mwanga ukipungua, kamera inapunguza kasi ya shata kwanza. Ikigonga mpaka, inaanza kupandisha ISO.

Wenye Nikon wajue jambo moja: ISO uliyoiweka kwa mkono ndiyo inayokuwa sakafu. Ukiiacha kwenye 400 jana usiku, leo mchana ISO otomatiki haishuki chini ya 400, hata kama jua la Jambiani linakuchoma utosi.

4. Sasa kuna ubaya gani kuvitumia vyote viwili kwa pamoja?

Ubaya ni kwamba kitu kinaweza kusogea bila wewe kujua, na picha kwenye skrini ya nyuma isikuambie. Utaona ya giza, ya kati na ya mwanga, zimepangana vizuri, unaridhika unafunga begi. Ukifika nyumbani ukazikuza ndipo unakuta ile fremu ya mwanga, uliyoitegemea kwa vivuli, imejaa chenga, vile vidoadoa.

Sababu yake ni hii: ISO haiingizi mwanga. Kinachoingiza mwanga ni shata na apacha. ISO ni kama sauti ya redio. Ukiipandisha, mtangazaji haongei kwa nguvu zaidi kule studio, na mikwaruzo nayo inapanda pamoja naye. Fremu ya vivuli iliyopatikana kwa kupandisha ISO ni vivuli vilevile vya mwanzo, vimepigiwa kelele.

Kwa hiyo braketi ya kuunganisha inataka shata ndiyo isogee, vingine vyote vikae kimya. Ukiwa na tripodi, zima ISO otomatiki, usisite. Ukiwa umeshika kamera mkononi inaweza kukufaa sana, ila kuna sharti, nalo liko kwenye swali la 13.

## Nini kinasogea, nini kimekaa

5. Kamera inabadilisha nini kati ya fremu na fremu?

Inategemea uko kwenye modi gani. Kwenye A, ambayo Canon wanaiita Av, apacha inakaa na shata inasogea. Hiyo ndiyo unayoitaka. Kwenye S, au Tv ya Canon, ni kinyume: shata inakaa, apacha inasogea. Hapo fremu moja itakuwa na mlango mkali na ukuta wa nyuma mkali, nyingine ukuta umefifia, na ukiziunganisha kingo za vitu zinakuwa kama zimelowa. Kwa bima sawa, kwa kuunganisha hapana. P inaamua yenyewe, sina imani nayo kwa kazi hii.

M, ambapo shata na apacha unaweka mwenyewe kwa mkono, ina swali lake.

6. Mimi na rafiki yangu tuko kwenye M, wote tumewasha ISO otomatiki. Yeye ana Sony, mimi Nikon, na matokeo hayafanani. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea, kamera zimefundishwa tofauti.

Nikon nyingi za kioo (DSLR) hufanya hivi: kwenye M, ISO otomatiki inasogea kwanza mpaka eksposha, yaani kiwango cha mwanga wa picha, ikaribie sahihi, kisha braketi inapigwa kutoka hapo kwa kubadilisha shata. Sony wao wameamua kwamba kwenye M, ISO ikiwa otomatiki, basi kinachobadilika ni ISO yenyewe. Ukiweka ISO ya namba ndipo shata inapoanza kusogea.

Tuiweke kwenye namba. Fremu ya kati ni f/8, 1/60, ISO 400, na braketi ni ya stopu mbili. Nikon yako itatoa 1/250, 1/60 na 1/15, zote ISO 400. Sony ya rafiki yako itatoa 1/60, 1/60 na 1/60, kwa ISO 100, 400 na 1600. Angalia tena hizo za Sony. Shata moja, apacha moja, mwanga ulioingia ni uleule mara tatu. Amepiga picha moja, akacheza na sauti ya redio.

Hiyo haina maana Sony ni mbaya kwa braketi. Aweke ISO 100 kwa mkono, mchezo umekwisha.

7. Kamera yangu si Nikon wala Sony, au ni ya zamani sana. Nitajuaje inafanya nini?

Usiulize mtu, iulize kamera yenyewe. Iweke mezani ielekee chumba chenye dirisha, washa braketi ya −2, 0, +2 na ISO otomatiki, piga fremu tatu. Fungua picha, bonyeza kitufe cha kuonyesha taarifa mpaka namba zitokee, kisha chukua kalamu uandike za kila fremu: shata, apacha, ISO. Safu ambayo namba zake zinabadilika ndiyo inayosogea.

Rudia jioni taa zikiwa zimewashwa. Kamera nyingine mchana husogeza shata tu, halafu usiku ikishagonga mpaka wa shata inageukia ISO. Jaribio la mara moja litakudanganya.

8. Nimepiga tatu lakini mbili zinafanana kabisa. Kamera imeharibika?

Kamera ni nzima. Imegonga ukuta, na kuta ziko kadhaa.

Ukuta wa chini wa ISO: uko kwenye Sony kwa mtindo wa swali la 6, fremu ya kati tayari ni ISO 100, na fremu ya giza inataka 25. Haipo, basi inarudia 100. Ukuta wa juu: umeweka kikomo cha 3200, fremu ya kati imeshafika hapo, fremu ya mwanga haina pa kwenda. Ukuta wa shata: uko ufukweni juani na f/2.8, ISO 100, mita inasema 1/3200, na fremu ya −2 inataka karibu 1/13000. Kamera nyingi za bei ya kati zinaishia 1/4000. Funga apacha mpaka f/8 tatizo liondoke. Na kuna ukuta wa sekunde 30, huo tazama swali la 18.

9. Kamera yangu haina braketi kabisa. Nifanyeje?

Nikon D3500, kwa mfano, haina, na watu wengi wameanzia na kamera ya namna hiyo. Weka M, ISO kwa namba, piga ya kwanza, zungusha gurudumu la shata mibofyo sita upande mmoja upige ya pili, kisha rudi sita za kwanza na sita nyingine upande wa pili. Tripodi iwe imekaa imara maana unaigusa kamera kila mara. Kwa maoni yangu kila mtu angeanza hivi, angalau wiki moja, kwa sababu ukishaisogeza shata kwa kidole chako huwezi tena kuchanganya kati yake na ISO.

## Chumba chenye dirisha

10. Nipe mpangilio kamili wa kupiga chumba, usinifiche kitu.

Tuchukue chumba cha Mji Mkongwe, ghorofa ya pili. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari la boriti, kitanda cha Kiunguja chenye chandarua, dirisha moja la mbao limefunguliwa juu ya uchochoro. Ni saa nne asubuhi. Mwenye nyumba anataka mgeni aone kitanda na aone pia kwamba dirishani kuna ghorofa za jirani na kipande cha bahari.

Kwa f/8 na ISO 100, kule nje penye jua panataka karibu 1/400. Kona ya kitanda inataka karibu sekunde 1. Kati ya hizo mbili kuna stopu nane na nusu. Ukipima kwa kitanda, dirisha linaungua linabaki jeupe kama shuka. Ukipima kwa dirisha, chumba kinakuwa pango.

Kamera iko kwenye tripodi, kimo cha kiuno, siyo cha macho. Nazima ISO otomatiki kabla ya kitu kingine chochote, naweka ISO 100. Modi M, apacha f/8. Fokasi naiweka kwenye nguzo ya kitanda, kisha nahamishia swichi kwenye fokasi ya mkono ili isitafute upya kati ya fremu. Mizani ya rangi naifunga kwenye jua au kivuli, yoyote ile mradi isiwe otomatiki, la sivyo fremu ya giza itatoka ya samawati na ya mwanga itatoka ya njano. Faili ni RAW, yaani ghafi, haijachakatwa na kamera. Braketi fremu tano kwa stopu mbili, katikati 1/15. Zinatoka 1/250, 1/60, 1/15, 1/4 na sekunde 1.

Kisha taima ya sekunde mbili, ili kidole changu kisiitikise kamera. Canon wakati wa braketi taima hupiga fremu zote mfululizo. Nikon angalia kwenye menyu taima imewekewa picha ngapi.

Baadaye naangalia fremu mbili tu. Ya giza kuliko zote: je, ndani ya dirisha kuna umbo, au kumeungua? Ya mwanga kuliko zote: histogramu, ile grafu ya giza na mwanga, imeondoka ukutani upande wa kushoto? Zikikubali hizo mbili, za katikati hazina neno.

Sasa fikiria ningekuwa kwenye A na kuacha ISO otomatiki ikiwa na mpaka wa 1/60. Kamera haijui kwamba iko kwenye tripodi. Ingekataa 1/15, ikachukua 1/60 kwa ISO 400. Na fremu ya mwanga kuliko zote ingetoka ama 1/4 kwa ISO 400, ama, kwa kamera inayosogeza ISO, 1/60 kwa ISO 6400. Ile kona ya kitanda ambayo ingepewa sekunde nzima ya mwanga ingepewa 1/60 ya sekunde na chenga juu yake.

11. Fremu tatu au tano?

Tatu za stopu mbili zinatosha chumba ambacho jua haliingii moja kwa moja. Dirisha likiangalia jua, tano. Braketi ya stopu moja moja kwa RAW za siku hizi ni kujaza memori kadi tu. Kamera ikiwa inaruhusu tatu pekee, piga seti mbili, ya pili ukiwa umeisogeza fremu ya kati stopu nne.

Nafasi piga hesabu mapema: RAW ya megapikseli 24 ni kama MB 25, kwa hiyo pembe thelathini kwa fremu tano ni karibu GB 4.

12. Nikiunganisha, chandarua kinatokea mara mbili kama mzimu. Kwa nini?

Kwa sababu kilisogea. Fremu ya 1/250 na fremu ya sekunde 1 si wakati mmoja, na feni ya darini ikizunguka chandarua hakitulii. Zima feni, subiri dakika nzima, funga mlango unaoleta upepo wa ngazini. Pazia lifungwe kwa kamba au litolewe kabisa.

Katika nyumba za zamani sakafu nayo ina visa. Imelala juu ya boriti, na mtu akipita chumba cha pili, au wewe ukihamisha uzito mguu hadi mguu, tripodi inahisi. Mimi husimama mlangoni nikiwa nimeegemea ukuta mpaka fremu ya mwisho iishe. Wenye nyumba wanacheka.

## Kamera ikiwa mkononi

13. Sina tripodi, au nimekatazwa kuiingiza. ISO otomatiki inafaa?

Hapa ndipo inapolipa, kwa sharti moja: mpaka wa shata uupange kwa ajili ya fremu ya mwanga, siyo kwa ajili ya fremu ya kati.

Watu huweka 1/30 kwa lenzi pana kwa sababu mkono wao unaweza 1/30. Sawa kwa picha moja. Lakini kwenye braketi ya stopu mbili, fremu ya mwanga inaweza kutaka shata mara nne zaidi, yaani 1/8, na hapo hakuna mkono. Weka 1/125. Iwe kamera itashuka hadi 1/30 au itapandisha ISO, hutatikisika.

Weka pia upigaji wa mfululizo wa kasi, bana viwiko mbavuni, bonyeza ushikilie mpaka tatu zimalizike. Programu zitazipanga fremu zilizohama kidogo, ila zitakata kingo, basi acha nafasi pembeni.

14. Kuna watu wanapita. Braketi itafaa?

Kwa kuunganisha, sahau. Kwa bima inafaa, na ajabu ni kwamba ule mtindo wa ISO kusogea, tuliousema vibaya kwenye swali la 6, hapa una faida: shata ni moja kwenye fremu zote, kwa hiyo mchukuzi anayepita na mkokoteni wake anaganda sawa katika zote tatu. Unachagua moja, hakuna unachounganisha.

## Yanayosumbua

15. Mbona katika kila picha tatu moja ina giza na moja imeungua? Sijawasha chochote.

Umeiwasha jana, ukasahau. Mpangilio wa kawaida wa Nikon na Canon ni ya kati, ya giza, ya mwanga, basi ukiona wimbo huo unajirudia, ni braketi.

Nalijua hili kwa gharama. Asubuhi nilipiga vyumba, jioni nikaenda kwenye harusi na kamera ileile. ISO otomatiki ilikuwa imewashwa kwa ajili ya ukumbi, kwa hiyo nilipoona picha ina giza nilidhani ni ISO imechelewa kupanda, nikaendelea. Bi harusi akiingia, fremu ya kati nzuri, ya pili giza, ya tatu gauni limeungua hata ushanga hauonekani. Niliokoa nyingi kwa sababu nilipiga RAW. Zile za gauni zilizoungua sikuziokoa, na bado nasikia vibaya.

Nikon nyingi hukaa na braketi hata ukizima kamera ukaiwasha. Canon kwa kawaida huifuta ukizima, isipokuwa umebadilisha kwenye menyu. Kwa kamera yoyote, ukimaliza kazi ya braketi irudishe sifuri kabla hujafunga miguu ya tripodi.

16. Braketi na fidia ya eksposha zinapigana?

Fidia ni kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko mita inavyosema. Hazipigani, zinajumlishana. Fidia ya +1 ukiwa na braketi ya stopu mbili inakupa −1, +1 na +3. Ukiona seti nzima imehama upande mmoja, tazama kama kidole kiligusa gurudumu la fidia.

17. Flashi je?

Kwenye Canon nyingi flashi na AEB havikai pamoja, flashi ikiwa tayari kupiga braketi inajifuta. Nikon inaweza kubraketi flashi pia, lakini kwa chumba sioni haja. Zima.

18. Alfajiri kabla jua halijatoka fremu ya mwanga inakuwa na giza kuliko ninavyotegemea.

Umegonga sekunde 30, ambazo ndizo mwisho wa shata kwa kamera nyingi ukitoa ile ya kushikilia kwa rimoti. Fremu ya kati ikiwa sekunde 15, ya +2 inataka 60, inapewa 30.

Hii ni mara chache ambapo napandisha ISO kwenye tripodi, na napandisha kwa mkono. ISO 100 kwenda 200 inaifanya fremu ya kati sekunde 8 na ya mwanga sekunde 30. Fremu zote zinabaki na ISO moja. ISO otomatiki hapa ina tabia mbaya zaidi: mwanga wa alfajiri unaongezeka kila dakika, na kila seti itatoka na ISO yake.

19. Chini ya taa za LED fremu za giza zina mistari.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/250 inaona, kwa sababu inakamata kipande tu cha mpepeso. Shata ya 1/50 au ya polepole zaidi inakamata mizunguko mizima, mistari inapotea. Ndiyo maana fremu za mwanga ziko safi na za giza zimechafuka. Mchana zima taa tu. Usiku funga apacha mpaka fremu ya kasi kuliko zote ishuke hadi 1/100 au polepole zaidi.

20. Kamera yangu ya Fujifilm ina braketi ya ISO. Ndiyo hii?

Hapana, jina linachanganya. Ile inapiga fremu moja kisha inaitengeneza mara tatu kwa viwango tofauti vya ISO. Shata imefunguka mara moja tu. Unayoitafuta ni braketi ya eksposha, iko kwenye orodha hiyohiyo.

## Kwenye kompyuta

21. Fremu zangu zina ISO tofauti tayari. Zitaungana?

Zitaungana. Lightroom, ambayo inaunganisha HDR (fremu za braketi kuwa picha moja) tangu 2015, pamoja na darktable na Hugin za bure, husoma shata, apacha na ISO zilizoandikwa ndani ya faili. Kinachokosekana ni ubora: vivuli vitachotwa kwenye fremu ya ISO kubwa, chenga zake zikija nazo. Ikiwa shata ni moja kwa zote, jaribu kutumia fremu ya ISO ndogo peke yake na kuinua vivuli. Mara nyingi utashindwa kuona tofauti, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 4.

22. Kwa hiyo RAW moja haitoshi siku hizi?

Kwa machweo ya kawaida inatosha. Sensa za sasa, hasa kubwa, zinakubali kuinuliwa stopu tatu bila aibu. Kwa dirisha la swali la 10 haitoshi.

23. Nina seti sitini kwenye kadi, sijui ipi inaanzia wapi.

Kabla ya kila seti piga kiganja chako mbele ya lenzi. Kwenye kompyuta utaona viganja vimejipanga kama alama za mipaka ya shamba. Seti ikiharibika, kwa mfano mtu kafungua mlango katikati, piga ngumi badala ya kiganja, kisha anza upya. Uzime mfululizo wa braketi na uuwashe tena kabla ya kurudia, maana kamera iliyokatizwa kwenye fremu ya pili itaendelea na ya tatu, na seti yako mpya itaanza na fremu ya mwanga.